Usinipunguzie Joka

Kwa mujibu wa kitabu, joka jekundu lililokomaa ni tatizo la wastani.

Sitanii. Fungua mwongozo wa msimamizi wa Dungeons & Dragons wa mwaka 2014, tafuta jedwali la kupanga mapambano, kisha piga hesabu mwenyewe. Wachezaji wanne wa daraja la 17 wakijumlishwa, pambano la wastani kwao linaanzia alama 15,600, pambano gumu linaanzia 23,600, na pambano la kufa na kupona linaanzia 35,200. Joka jekundu lililokomaa limeandikiwa alama 18,000. Limevuka wastani, halijafika gumu. Mwongozo huohuo unakadiria kwamba kikundi hicho kinaweza kumudu mapambano ya alama 100,000 kwa siku moja kabla ya kulala. Gawanya. Unapata majoka matano, na chenji ya alama 10,000 inabaki mfukoni.

Majoka matano kati ya chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Kuna watu wanaona hesabu hii ni ushahidi kwamba jedwali limekosewa kidogo na linahitaji kurekebishwa. Nimewasoma, nimebishana nao, na kila mwaka wanakuja na jedwali jipya. Mimi nasema tatizo haliko kwenye tarakimu. Joka lililopimwa ili lilingane na wanaokwenda kupigana nalo limeshakufa kabla mchezo haujaanza, na aliyeliua ni huyo aliyelipima.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, nieleze kwa kifupi. Watu wanne au watano wanakaa mezani na karatasi, penseli na dadu, ikiwemo dadu moja ya pande 20. Mmoja ni msimamizi: anaieleza dunia na kuwachezea wote waliomo ndani yake, muuza samaki, mlinzi wa lango, mfalme, joka. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake mmoja. Unasema unachofanya, na kama haijulikani kitafanikiwa au la, dadu inaamua. Hakuna anayeshinda mchezo wenyewe. Hadithi inaendelea wiki hadi wiki, mhusika wako anapata alama za uzoefu na kupanda daraja, kuanzia la kwanza hadi la 20. Gary Gygax na Dave Arneson waliuchapisha Marekani mwaka 1974. Sisi tunaucheza Dar es Salaam, Jumamosi jioni, vitabu vikiwa vya Kiingereza na matusi yakiwa ya Kiswahili.

Ndani ya vitabu hivyo kila kiumbe kina nambari inayoitwa kiwango cha ugumu. Joka jekundu changa ni 10, lililokomaa ni 17, la kale ni 24. Nambari hiyo inabeba ahadi: wahusika wanne wa daraja linalolingana nayo, wakiwa wamepumzika na wana vifaa vya kutosha, watamshinda kiumbe huyo bila yeyote kati yao kufa. Isome tena ahadi hiyo polepole. Haisemi lolote kuhusu joka. Inasema pambano litaishaje. Ni kama kwenda kutazama mechi ukiwa na matokeo kwenye tiketi.

Nasoma shahada ya uzamili ya uchumi, kwa hiyo nikikutana na nambari iliyobandikwa juu ya kitu nina tabia ya kuuliza ni bei ya nini hasa. Tuichunguze hii.

Chukua wapiganaji wanne wa daraja la 17, watu wa upanga tu, hakuna mchawi, hakuna silaha ya ajabu. Kila mmoja anapiga mara tatu kwa zamu. Kinga ya joka ni 19, mpiganaji anaongeza 11 kwenye dadu yake, kwa hiyo anahitaji 8 au zaidi, sawa na asilimia 65. Upanga mkubwa wa mikono miwili unatoa wastani wa 12. Zidisha: kila mpiganaji anaondoa takriban alama 23 za uhai kwa raundi, wote wanne karibu 94. Joka lina alama 256. Linakufa raundi ya tatu. Raundi moja ndani ya mchezo ni sekunde sita, kwa hiyo mnyama aliyeishi karne nzima na zaidi, aliyechoma miji na kulalia dhahabu ya falme, ameondoka kwa sekunde 18. Moto wake, wenyewe, unatoa wastani wa 63. Mpiganaji wa daraja hilo mwenye afya nzuri ana alama kama 157. Anaweza kusimama akaunguzwa mara mbili, bila kufanikiwa kukwepa hata mara moja, na bado akaendelea kuchapa.

Utaniambia nimeacha hofu ambayo joka linawatia watu, na zamu za ziada ambazo kitabu kinalipa. Kweli nimeziacha. Nimeacha pia mbinu za ziada za wapiganaji, panga zenye nguvu, na yule kuhani ambaye kila meza inaye. Ukiyaweka yote, mizani inarudi palepale.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Joka lisitue.

Linaruka futi 80 kwa zamu. Linatema moto kutoka futi 60. Linaona gizani hadi futi 120, na binadamu asiye na taa haoni kitu. Kitabu chenyewe kimelipa akili ya 16, wakati mtu wa kawaida ana 10. Linakuja usiku wa manane, linatema, linapanda juu, linasubiri pumzi yake irudi. Wapiganaji wetu wanne wenye panga wanaweza kulitukana. Wakitoa pinde, linaondoka, linarudi kesho wakiwa wamelala, au linachoma kijiji wanachonunulia chakula na kuwaacha wao wazima. Tarakimu hazijabadilika hata moja: kinga ileile, uhai uleule, moto uleule. Lakini pambano la wastani limegeuka msiba.

Kwa hiyo 17 ni bei ya joka lililokubali kutua. Ni bei ya mnyama mwenye akili kuliko wote waliopo ambaye, kwa sababu asizozijua mwenyewe, anaamua kupigana chini, mchana, umbali wa mkono, mpaka afe. Wachezaji wengi hawajawahi kukutana na joka lingine lolote isipokuwa hilo.

Jambo hili halijagunduliwa leo. Mwaka 1987 Roger Moore, mhariri wa jarida la Dragon, aliandika kuhusu kobolds, vijitu vidogo vilivyo karibu na mkia wa orodha ya viumbe wa mchezo, ambavyo msimamizi mmoja aliviongoza kwa akili: vinachoma njia, vinafunga milango, vinarusha mishale kupitia matundu, havikai mahali pa kupigika. Wahusika wa daraja la juu walikuwa wakivikimbia na kwenda kutafuta nafuu kwa mashetani wa chini zaidi. Wasomaji wa mchezo huu wanakikumbuka kisa hicho mpaka leo, na wengi wanakisimulia kama mzaha mzuri. Mimi nakisoma kama ushahidi. Ikiwa kijitu cha mwisho kwenye orodha kinaweza kuwa hatari kuliko shetani, basi hatari inakaa kwenye mahali, taarifa na nia, na mwili ni sehemu ndogo tu ya hesabu. Nambari inapima mwili.

Kabla sijaitwa mzee wa zama zile, niseme zama zile zilikuwaje. Katika mchezo wa 1974 joka lilikuwa na bei ya wazi kabisa. Ungeweza kulishinda nguvu bila kuliua, ukalipeleka sokoni na kuliuza, na kitabu kilitaja kiasi: vipande vya dhahabu 500 hadi 1,000 kwa kila alama ya uhai. Biashara ya kiumbe anayefikiri na kusema, bei yake ikikadiriwa kwa uzima wa mwili. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa soko la namna hiyo lilikuwaje, na sina hamu ya kulirudisha hata kwa mchezo. Halafu wahusika walikufa ovyo, kwa mlango, kwa buibui, kwa kukosea njia, na kulikuwa na wasimamizi waliojisifu kwa idadi ya waliowazika.

Lakini vitu viwili vya zama hizo vilikuwa sahihi. Cha kwanza, uzoefu wako mwingi ulitokana na hazina uliyoitoa salama: kipande kimoja cha dhahabu, alama moja. Kumuua kiumbe kulilipa kidogo. Hivyo joka lililolala juu ya mali lilikuwa swali lenye majibu mengi, na mtu mwenye akili aliuliza kwanza kama linaamka mapema. Cha pili, moto wake ulihesabiwa kwa uhai wake. Katika toleo la wanaoanza la 1981, madhara ya pumzi ya joka yalikuwa sawa na alama za uhai ilizobaki nazo wakati huo. Ukilijeruhi, moto unapungua. Ukikutana nalo zima, unakutana na lote. Joka jekundu la kale katika kitabu cha viumbe cha 1977 lilifikia alama 88 za uhai, na la 2014 lina 546. Tumeliongezea nyama mara sita na tumeliogopa kwa kiasi kilekile cha kupungua.

Kilichotokea katikati ni kwamba bei ilihama. Zamani ilikaa kwa joka. Mwaka 2000 toleo la tatu likaleta kiwango cha ugumu, na kipimo kikawa ni kikundi: kiumbe wa kiwango chenu atakula takriban moja ya tano ya nguvu zenu. Mwaka 2008 toleo la nne likatengeneza aina maalumu ya kiumbe anayepigana peke yake, akahesabiwa sawa na watano wa kawaida, na majoka yakawekwa humo. Kazi safi ya kihandisi, naiheshimu. Ila tangu hapo, ukiuliza joka hili ni hatari kiasi gani, jibu linaanza na swali: ninyi ni wangapi na mko daraja gani?

Sasa hoja ya upande wa pili, na nitaipa nguvu zake zote kwa sababu inastahili. Mizani iliwekwa kumlinda mchezaji. Msimamizi ana mamlaka yote mezani. Bila kipimo, mtu mwenye kinyongo anaweza kukuletea joka la kale ukiwa daraja la kwanza, kwa kuwa tu umechelewa kuleta soda, na huna pa kukata rufaa. Mtu mgeni, binti aliyejiunga na meza ya wavulana wanaojuana tangu sekondari, mtoto wa miaka 13, hawa wanahitaji kujua kwamba kuna mpaka. Halafu kuna watu waliofanya kazi wiki nzima, wamekaa foleni ya mwendokasi saa mbili, wanataka Jumamosi moja wawe mashujaa. Nani amekupa wewe haki ya kuwatisha?

Nakubali ulinzi unahitajika. Nakataa kwamba mizani inautoa. Msimamizi mwenye kinyongo anakuua kwa kiwango sahihi kabisa, hilo tumeshaliona kwa wale kobolds. Na msimamizi mwenye huruma anafanya jambo lingine ambalo watu hawapendi kulisema kwa sauti: anachakachua.

Neno hili nalitumia kwa maana yake ya kituo cha mafuta. Dadu ikianguka vibaya nyuma ya kadibodi yake, anasoma nambari nyingine. Joka likibaki na alama 90 na wachezaji wamechoka, anaamua zimebaki 10. Kwa nini? Kwa sababu mfumo umemwahidi kila mtu ushindi bila msiba, na ahadi ikianza kuyumba, yeye ndiye wa kuishikilia. Mizani ya kitabuni haiwezi kutimia bila mkono mezani.

Nilikuwa kwenye meza moja, msimamizi wake simtaji, ambapo rafiki yangu alimcheza kuhani mmoja kwa karibu mwaka mzima. Alikuwa amemtungia mpaka namna ya kukohoa. Siku tuliyofika kwa joka mambo yaliharibika, wawili wetu tulikuwa chini, na yeye akaamua. Alimtoa kuhani wake mbele, akabaki kwenye mlango wa pango ili joka limshughulikie yeye na sisi tupate raundi moja zaidi. Alirusha dadu akajua anakufa. Raundi ile ile joka likaanguka. Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Rafiki yangu alilia kidogo, akaikunja karatasi ya mhusika wake, akaiweka ndani ya pochi.

Miezi kadhaa baadaye, tukinywa chai, msimamizi akaropoka. Joka lilikuwa na uhai mwingi bado. "Nilishaamua life raundi ile tangu mwanzo," akasema. "Halafu dada alivyojitoa mhanga ilikuwa tamu sana, nikaona nisiharibu." Alidhani anatupa siri nzuri ya jikoni. Rafiki yangu aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo ningekaa nyuma, lingekufa vilevile?" Akajibiwa ndiyo.

Hajarudi kucheza. Watu wanamwona ana hasira za kitoto, eti ni mchezo tu. Mimi naona alielewa kilichochukuliwa kuliko sisi wote. Alilipa bei kamili kwa kitu ambacho muuzaji alikuwa ameshaamua kukitoa bure. Ujasiri wake haukununua chochote. Na kibaya zaidi, sasa hawezi kujua ni mara ngapi kabla ya hapo alikuwa akilipa hewa, wala sisi hatuwezi. Ushindi mmoja uliochakachuliwa unaharibu na ule wa kweli uliokuwa kabla yake, kwa sababu hakuna aliye na risiti.

Mwaka 1945 Friedrich Hayek aliandika kwamba bei ni namna ya kusafirisha taarifa: mimi nisiyejua mgodi uko wapi wala umeharibikaje, nikiona bati limepanda nabana matumizi, na hiyo inatosha. Sikubaliani naye mambo mengi, hili nakubali. Bei ya kweli inamwezesha mtu asiyejua yote kuamua vizuri. Punguzo la siri linafanya kinyume. Linamfanya mtu aamue vibaya huku akijisikia mwerevu.

Ndiyo maana suluhisho langu si ukatili. Ni daftari wazi.

Tunayo hadithi yetu inayolijua hili. Katika hadithi za Kiswahili ambazo Edward Steere alizikusanya Zanzibar na kuzichapisha mwaka 1870, kuna ya paka wa sultani anayeachwa ale anachotaka, mpaka anakuwa nunda, mla watu. Mwana wa sultani anatoka kwenda kumtafuta. Anaua mnyama, anamleta nyumbani, anaambiwa siye. Anatoka tena, anamleta mkubwa zaidi, siye. Kinachomfikisha kwa nunda ni alama anazopewa za jinsi nunda alivyo, naye anajifunza kutofautisha. Nunda hakupunguzwa hata ukucha kwa kuwa mvulana alikuwa bado mdogo. Alikuwa vile alivyo tangu mwanzo, na kijana ndiye aliyekua mpaka akamjua.

Hata Smaug wa J. R. R. Tolkien, kwenye kitabu cha 1937, hakufa kwa kulingana na mtu. Wale mbilikimo 13 hawakumpiga hata mara moja. Bilbo aliona sehemu ya kifua isiyo na gamba, ndege akaipeleka habari, mpiga upinde mmoja akaitumia, na mji wa watu ulikuwa ukiungua wakati huo. Taarifa iliua joka, na bei ililipwa na waliokuwa chini yake. Hakuna jedwali litakalokupa pambano hilo.

Kuna sababu jambo hili linaniuma kuliko inavyostahili mchezo wa dadu. Sisi tuliosoma mpaka huku juu tumelelewa na viwango vya ugumu. Mtihani wa darasa la saba, wa kidato cha nne, wa kidato cha sita, kila mmoja ulitungwa kwa kipimo cha daraja letu, na ujumbe ulikuwa uleule: umepumzika, una kalamu, jitahidi, utapita. Kisha tukatoka getini na shahada, na tangazo la kwanza la kazi likadai uzoefu wa miaka mitano. Hilo ni joka ambalo halikuuliza sisi ni wangapi. Nimewaona watu wenye akili kuliko mimi wakiganda mbele yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha kitu kikubwa kuliko wao na kuwaambia: kukipita ni ruhusa, kujadiliana nacho ni ruhusa, kukimbia leo ili urudi na watu wengine ni ruhusa. Walijua namna mbili tu, kufaulu au kufeli. Meza ya mchezo ni mahali adimu ambapo kijana anaweza kujifunza ile namna ya tatu bila kupoteza kodi ya nyumba. Kuijaza meza hiyo mteremko ni kupoteza nafasi.

Na wakati ni sasa. Januari 2023, baada ya wachezaji kuichachamalia kampuni inayomiliki mchezo kuhusu leseni, kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons. Mtu yeyote anaweza kuzitafsiri kwa Kiswahili, kuzibadilisha, hata kuziuza, alimradi ataje zilikotoka. Siku moja mtu atafanya kazi hiyo, na namwomba asichukue ile nambari ya kiwango cha ugumu kama ilivyo na kuisimika kwenye lugha yetu kana kwamba ni sheria ya maumbile. Aiache iwe bei elekezi kwa msimamizi. Mbele ya mchezaji aweke kitu kingine.

Meza yangu ya sasa inaendeshwa na dada mmoja ambaye ameweka joka jekundu lililokomaa mlimani tangu tukiwa daraja la tano. Siku ya kwanza alitwambia: takwimu zake sizigusi, na dadu zake zote nitazirusha hapa katikati mkiona. Kisha akatupa bei tatu, kila moja kwa ishara tulizoweza kuzifuatilia. Bei ya kulipita: wafanyabiashara wa ng'ombe hutoa mifugo kila kiangazi, na wanaijua idadi. Bei ya kusema nalo: linapenda habari za majoka mengine, na linachukia kudanganywa. Bei ya kuliua: tulimkuta mzee aliyekwenda na askari 60 wakarudi wawili, tukaona ukuta wa mawe ulioyeyuka, tukapima kwa hatua umbali kutoka mlango wa pango hadi pale mawe yalipoacha kuyeyuka. Futi 60. Mpiganaji wangu alikuwa na alama 49 za uhai. Hakuna aliyehitaji kuniambia hilo lina maana gani.

Hatukupigana. Tulifanya kazi vikao viwili tukapata ng'ombe 40, tukalipa, tukavuka. Mmoja wetu alitaka kubaki akapigane, tukabishana mpaka usiku, na ubishi ule ulikuwa na uzito kwa sababu kila mtu mezani aliamini kwamba angebaki angekufa. Hakuna mkono ungemdaka.

Wewe unayesimamia meza, hilo tu ndilo ninaloomba. Weka joka ukubwa uupendao. Tangaza ishara zake mapema, na kwa wingi. Rusha dadu mbele ya watu. Kisha kaa kimya waamue, na wakikosea, waache walipe, na wakipatia, waache wamiliki.

Wiki ijayo tunarudi mlimani. Tumefika daraja la saba, tuna kamba ndefu, tuna habari moja kuhusu usingizi wa joka baada ya kula, na yule dada ametukumbusha kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba bado lina alama 256.